Ukihamia eSIM, usitupe kabambe yako

UKIKAA steji ya Embu ukingoja matatu ya kwenda Meru ijae, hebu angalia mikono ya abiria wenzako. Jamaa aliye dirishani ana simu mbili, moja ya skrini kubwa na nyingine kabambe iliyofungwa kwa raba ili betri isiruke. Dada wa kiti cha mbele ana simu moja tu, lakini ndani yake mna laini mbili, na kwenye mfuko mdogo wa mkoba wake kuna kadi ya tatu iliyofungwa kwa tishu. Hiyo huingizwa bando zikiisha kwa hizi mbili. Makanga naye ana zake, usimuulize ni ngapi.

Wewe pia uko hivyo. Laini moja ni ya M-Pesa na hiyo huichezei. Nyingine ni ya bando, kwa sababu kule data ni nafuu. Ya tatu uliisajili ulipofungua kabiashara ka mitumba, ukasema hutaki wateja wachanganyike na shangazi zako. Na tukisema ukweli, kuna wenye laini ya kukimbilia wakati Fuliza imewashika koo na kila shilingi inayoingia inamezwa kabla hawajaiona. Laini ya mpango wa kando tutaiacha hapo hapo, hii si safu ya mapenzi.

Tangu 2011 Mkenya ana ruhusa ya kuhama mtandao na namba yake ile ile. Tangu 2018 pesa zinavuka kutoka M-Pesa hadi Airtel Money na kurudi. Lakini wengi wetu tuliona heri kuongeza laini kuliko kuhama, na tukazidi kuzibeba.

Ndiyo maana ukisikia habari za eSIM masikio yanasimama. Simu moja, namba kibao, hakuna kadi ya kupotea kwa viti vya matatu. Mimi niliingia hivyo hivyo, mbio mbio. Nitakuambia kilichonipata kule Runyenjes, lakini kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini, maana madukani kuna maneno mengi.

Kadi ya plastiki unayoijua ni chipu ndogo iliyobeba utambulisho wako kwa mtandao. Hiyo tu. Pesa zako haziko humo, ziko kwa mitambo ya kampuni, kadi ni ufunguo. eSIM ni ufunguo ule ule, ila chipu yake imechomelewa ndani ya simu kiwandani na haitoki. Badala ya kupewa kadi, unapewa msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoadoa. Unauskani kwa kamera, simu inashusha utambulisho wako kupitia intaneti, na baada ya dakika chache namba yako iko hewani. Namba ni ile ile, salio la M-Pesa ni lile lile, *334# inafanya kazi kama kawaida. Kadi yako ya zamani inakufa saa hiyo hiyo.

Sasa utamu unaanzia hapa. Kadi ya plastiki hubeba utambulisho mmoja, lakini chipu ya eSIM inaweza kuhifadhi kadhaa. Apple wanasema iPhone inabeba eSIM nane au zaidi. Jamaa wa duka atakwambia, "Bro, hapa unaweka namba nane!" Hajadanganya, lakini hajamaliza kusema. Zinazowaka kwa wakati mmoja ni mbili. Ni kama benchi la timu, wanane wamevaa jezi lakini wawili tu ndio wako uwanjani. Zile sita zingine, mtu akipiga anaambiwa mteja hapatikani. Ukitaka kumwingiza mchezaji mwingine unaenda kwa setingi, unazima moja, unawasha nyingine. Hakuna kutafuta pini ya kutoboa simu, ni kweli, lakini pia hakuna namba nane zinazolia pamoja.

Hata hizo mbili zina jambo lao. Simu nyingi zina redio moja inayogawana zamu kati ya laini. Ukiwa haujaongea, laini zote mbili zinasikiliza. Ukishika simu upande mmoja, upande wa pili mara nyingi unatoweka mpaka ukate.

Kwa mwanafunzi wa Chuka hilo si tatizo. Lakini fikiria kijana anayefanya biashara ya miraa kule Maua. Mzigo ukishakatwa asubuhi mashambani Igembe, saa zinaanza kuhesabiwa, maana miraa ikizidi siku mbili haina ladha wala bei. Laini moja ni ya wakulima na wavunaji, nyingine ni ya wanunuzi wa Nairobi na wale wanaopeleka Mogadishu, soko lililofunguliwa tena mwaka wa 2022. Yuko kwa simu na mkulima wakibishana bei ya bunda, na mnunuzi anapiga upande wa pili anaambiwa mteja hapatikani. Mnunuzi hangoji, anapiga kwa mwingine. Wa muguka kule Mbeere, ambao mzigo wao lazima ufike Pwani, hesabu yao ni hiyo hiyo. Kwa hiyo usishangae ukiona mfanyabiashara mwenye pesa za kununua simu yoyote duniani bado anatembea na simu mbili mkononi. Si ushamba. Anajua anachofanya.

Kwa abiria wa barabara ya Embu hadi Meru, laini mbili za mitandao tofauti ndani ya simu moja ni neema. Unajua ile njia. Mlima uko kushoto kwako, na kila mto unaoteremka kutoka juu umechimba bonde lake: Thuci, halafu Nithi na ile daraja ambayo hata makanga huinyamazia, halafu mingine mingi kabla ya Igoji na Nkubu. Kwa mabonde hayo mtandao mmoja unaweza kuzirai wakati mwingine unapumua. Simu za kisasa zina mahali pa kuruhusu data ihame yenyewe kwenda laini yenye nguvu. Nzuri sana, lakini kumbuka hili: ikihamia laini isiyo na bando, inakula kredo yako kwa bei ya rejareja. Unashuka Makutano ukijiuliza ile mia mbili imeenda wapi.

Tuje kwa simu zenyewe, hapa ndipo watu wamechomwa.

Piga *#06# kwa simu yako sasa hivi. Utaona IMEI, pengine mbili. Chini yake ukiona neno EID na namba ndefu ya tarakimu 32, simu yako ina chipu ya eSIM. Usipoiona, basi kwa kawaida hakuna, na hakuna fundi atakayekuwekea. Simu nyingi za bei ya chini ambazo vijana wa kwetu wananunua kwa mkopo wa kulipa kila siku hazina. iPhone zilianza na XS na XR za mwaka 2018. Google Pixel walianza mwaka mmoja kabla. Samsung walio juu wanayo tangu familia ya S20. Lakini jina la simu pekee halitoshi, lazima ujue ilitengenezewa nchi gani. Zile Samsung kutoka Korea zinazouzwa nafuu mjini, nyingi za kabla ya mwaka 2022 hazina eSIM, na tena zina kijisinia cha laini moja tu. iPhone 14 iliyotengenezewa soko la China bara ina nafasi ya kadi mbili za plastiki lakini haina eSIM.

Halafu kuna iPhone 14 na zilizofuata ambazo zilitengenezewa Marekani. Hizo hazina kijisinia kabisa. Hakuna tundu. Nilikuwa Makutano, Meru, siku kijana mmoja aliporudisha yake dukani akidhani amepewa simu mbovu. Alikuwa ameizungusha pande zote akitafuta mahali pa kuingiza laini, mkononi ana ile pini, amekasirika. Muuzaji alikuwa amemwambia ni bei nafuu kwa sababu imetoka Amerika. Hakumwambia nafuu hiyo inatoka wapi. Sasa mteja alikuwa na iPhone safi na laini ya plastiki isiyo na pa kukaa, na hakuwa anajua kwamba angeweza kwenda kwa mtandao wake abadilishiwe iwe eSIM. Aliondoka akiwa ameelewa, lakini hakuwa na furaha.

Na zile za nje zina mtego mwingine. Baadhi zimefungwa na kampuni ya simu ya kule zilikotoka, hazikubali laini ya mtu mwingine hata iwe eSIM. Kwa iPhone ingia Settings, General, kisha About, usome mstari wa Carrier Lock. Ukisema hakuna vizuizi vya laini, uko sawa. Ukisema kingine, rudisha simu kabla hujatoa pesa mfukoni. Usikubali hadithi ya "fundi wetu atafungua."

Sasa Runyenjes.

Ilikuwa Jumamosi, Desemba, msimu wa harusi. Mimi na mwenzangu hupiga picha na video za harusi, na wiki hiyo tulikuwa tumefanya moja Chogoria. Mteja alitulipa zote kwa namba yangu. Nikamwambia mwenzangu, "Wacha nifike home nitulie, nitakutumia zako jioni." Yeye alibaki Chuka, ambako amepanga bedsitter, na landlord alikuwa amempa mpaka Jumapili. Elfu tisa. Mimi nikashukia Runyenjes, nikapanda boda hadi kwa mamangu.

Simu yangu ilikuwa na eSIM mbili na hakuna kadi. Nilijiona mjanja. Nilikuwa hata nimempa mpwa wangu kabambe yangu ya zamani achezee.

Jioni hiyo niliinama kuchota maji kwenye tangi, simu ikiwa mfuko wa shati. Chubwi. Niliitoa mbio, nikaipangusa, nikaizika kwa mchele kama kila mtu afanyavyo ingawa sijawahi kuona mchele ukifufua kitu. Haikuwaka.

Mamangu alikuja na simu yake, kabambe ya tochi, akaniambia, "Si utoe laini uweke kwa hii yangu, utumie huyo mwenzako."

"Haitoki, mama."

"Haitoki aje? Imekwama?"

"Haiko. Hii simu haina kadi. Laini iko ndani yake tu."

Alinyamaza kidogo. "Na pesa za watu ziko wapi?"

"Ziko kwa laini."

"Kwa laini ambayo haiko."

Sikuwa na jibu. Na hapo ndipo niligundua shida haikuwa pesa peke yake. Kichwani mwangu nina namba mbili, yangu na ya mama. Ya mwenzangu siijui, naijua kwa jina lake tu. Kijana wa jirani alinipa simu yake niingie kwa akaunti yangu ya Google nichukue namba. Nikaandika nenosiri, sahihi kabisa. Google ikaniambia imetuma msimbo wa kuthibitisha ni mimi. Imeutuma wapi? Kwa namba yangu. Ile iliyo ndani ya mchele.

Ungekuwa na kadi ya plastiki, haya yote ni dakika mbili. Unatoa, unaingiza kwa kabambe ya mama, unatuma elfu tisa, unalala. Mimi nililala na elfu tisa za mtu, naye huko Chuka anapiga namba yangu na kuambiwa nisichotaka aambiwe.

Jumatatu asubuhi mama alinipa nauli. Nilienda Embu mjini, duka la mtandao, nikiwa na kitambulisho. Mhudumu alikuwa mpole, hakuna la kulaumu. Aliuliza maswali yake, akanihakiki, akasema sawa, leta simu tuskani msimbo mpya. Nikamwonyesha simu yenyewe, imekufa. Akauliza kama nina nyingine inayokubali eSIM. Nani ana mbili? Hakuna mtu aliyeniambia hili mapema, kwa hiyo nakuambia wewe: eSIM ikipotea na simu, ili uipate tena kama eSIM lazima uwe na simu nyingine yenye chipu hiyo. Kama huna, unarudi kwa plastiki. Nilipewa kadi. Nikavuka barabara nikanunua kabambe mpya, nikaiingiza humo.

Jumbe zikaanza kuingia. Kumi na nne zilikuwa za mwenzangu. Ya kwanza iliuliza kama nimefika salama. Ya mwisho siwezi kuiandika kwenye gazeti. Alikuwa amefungiwa nyumba Jumapili jioni na kulala kwa rafiki Ndagani, na kwenye kikundi cha wapiga picha cha WhatsApp alikuwa ameuliza kama kuna mtu anayejua kwetu ni wapi. Nilimtumia pesa, nikampigia, nikaeleza. Alielewa, au alisema ameelewa. Bado tunafanya kazi pamoja. Ila siku hizi anataka tugawane pale pale kwa harusi, kabla hata chakula hakijatolewa.

Sikuambii haya ili uogope eSIM. Bado ninayo. Nilichobadilisha ni nani anakaa wapi. Laini ya M-Pesa, ile ambayo benki, HELB na eCitizen wanaijua, nimeirudisha kwa plastiki. Laini ya bando ndiyo eSIM, na ya kazi pia ni eSIM, ninaiwasha nikiihitaji. Simu ikifa leo, pesa zinahamia kwa kabambe kwa sekunde, na bando nitalia nayo kesho. Kama yako ni ya Marekani isiyo na tundu, huna chaguo hilo, basi angalau uwe na namba ya pili ya plastiki kwa kabambe nyumbani yenye nauli ndani, na uandike namba tano za watu wako muhimu kwa karatasi. Karatasi, ndiyo. Pia ingia kwa akaunti yako ya Google ukiwa mzima utoe zile namba za dharura za kuingilia bila SMS, uziandike hapo hapo.

Kuna watakaonipinga. Watasema plastiki ndiyo hatari, na wana hoja. Mwizi akikunyakua simu pale soko la Gakoromone siku ya watu wengi, jambo la kwanza ni kutoa kadi. Akiitia kwa simu yake, SMS zako zote za msimbo zinamfikia yeye, na kutoka hapo anabadilisha nenosiri la barua pepe na kila kitu. eSIM hawezi kuichomoa. Simu ikibaki imewaka, inabaki hewani, na unaweza kuitafuta kwa ramani. Lakini mwizi wa siku hizi pia amesoma. Anateremsha skrini, anabonyeza alama ya ndege, mtandao unakatika hata bila kujua nenosiri lako. Nenda kwa setingi uzuie hilo lisifanyike skrini ikiwa imefungwa. Na kwa kadi ya plastiki, weka PIN ya laini yenyewe, si ya skrini. Ya kuanzia iko kwa ile karatasi ngumu uliyonunulia laini, ile uliyotupa. Ukiikosea mara tatu simu itakuomba PUK, iko hapo hapo kwa karatasi.

Kitu ambacho eSIM haizuii hata kidogo ni wale wa kuiba namba. Wao hawahitaji simu yako. Wanamshawishi mtu upande wa pili kwamba wao ni wewe, na namba inahamishwa. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ufunge namba yako isibadilishwe mpaka ufike dukani mwenyewe na kitambulisho. Kisha piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna jamaa ninayemjua alipata tano, na yeye ana mbili. eSIM nazo husajiliwa kwa kitambulisho kama laini yoyote, hakuna namba ya hewani isiyo na mwenyewe.

Na ule msimbo wa QR, uchukulie kama PIN yako. Wengi hutumiwa kwa barua pepe, halafu wanashangaa: utauskani vipi na uko ndani ya simu ile ile? Wanakimbia saiba, wanauprinti, wanauskani, wanaiacha karatasi mezani na faili kwa kompyuta ya wenyewe. Kwa kawaida msimbo ukishatumika haufanyi kazi tena, lakini ule ambao hujautumia ni mali ya atakayewahi. Usiutume kwa WhatsApp. Mtu akikupigia akisema yeye ni wa kampuni na anataka uusome au uupige picha, kata simu.

Ukienda kuhamisha laini, kuwa na waifai au hotspoti ya rafiki. Kadi yako ya zamani inaweza kuzima kabla eSIM haijashuka, na bila intaneti ya mtu mwingine unabaki katikati, huku huko na kule huko. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na kwa mji wenyewe. Usiende Ijumaa jioni ukiwa safarini kwenda Ishiara.

Usifute eSIM ukidhani ni kama kuzima. Kuzima ni kumrudisha mchezaji benchi. Kufuta ni kumfukuza timu, na kumrudisha ni foleni upya. Fundi akitaka kusafisha simu yako yote, itauliza kama eSIM zibaki au zifutwe, simama karibu naye usome mwenyewe. Ukiuza simu, hapo sasa zifute, la sivyo unauza na namba yako.

Na WhatsApp? Haijali laini iko kwa plastiki au hewani. Ikishathibitishwa inaendelea hata laini ikizimwa. Kwa Android unaweza kuwa na akaunti mbili ndani ya programu moja, jambo lililotangazwa Oktoba 2023. Kama sababu yako ya kutaka laini ya pili ni biashara tu, uliza kwanza kuhusu Pochi la Biashara, ambayo inatenga pesa za wateja na zako kwa namba moja. Huenda hata huhitaji laini nyingine.

Kuna kundi moja ambalo ningeliambia liikimbilie eSIM bila kufikiria sana, nalo ni nyinyi mnaojiandaa kwenda Qatar, Saudia au Dubai kazini. Kila familia huku Meru na Embu sasa ina mtu kule. Mkifika mnanunua laini ya huko, mnachomoa ya Kenya, mnaiweka kwa mkoba, inasahaulika. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine. Siku ukitaka kubadilisha nenosiri la benki au kuingia eCitizen, msimbo unaenda kwa mgeni. Ukiwa na nafasi ya eSIM, laini ya Kenya inakaa pamoja na ya kule, zote zimewaka, SMS za benki zinaingia. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujapanda ndege, zima data yake ili isikumalize, na mara moja moja itumie ijulikane iko hai. Zile eSIM za wasafiri zinazouzwa mtandaoni, kama za Airalo, nyingi ni za data peke yake. Hazina namba ya kupigiwa, na haziwezi kuwa mbadala wa laini yako.

Simu yangu ile fundi aliifungua baadaye, akanionyesha ubao umeshika kutu ya kijani. Nilinunua nyingine, ina kijisinia cha kadi moja na nafasi ya eSIM. Mpwa wangu alikataa kunirudishia kabambe.

Mamangu naye hajasahau. Kila nikifika Runyenjes ananiuliza kama laini imerudi ndani ya simu ama bado iko hewani. Namwambia imerudi. Anataka kuiona. Natafuta pini, natoa kijisinia, namwonyesha ile kadi. Anaiangalia vizuri, halafu ananiambia niirudishe kabla haijaanguka kwa maji.